Ndege Inayokwenda Kulia Ukiipeleka Kushoto

Kijiwe chetu ni benchi la mbao nje ya kibanda cha kunyolea, benchi la watu wanne ambalo siku za Jumamosi tunakaa sita. Mwenye kibanda ni kinyozi, tunamwita Wembe. Mle ndani ana kompyuta aliyoachiwa na mteja aliyehama, ndani ya kompyuta kuna gemu la ndege za kivita, na bingwa wa gemu hilo ni mimi. Jina langu la angani ni Rubani. Wapo wanaoniita Pancha kwa kuwa kazi yangu ni kuziba matairi hapo jirani, ila huo ni wivu tu. Mpango mzima wa mle ndani niliubuni mimi. Skrini iko juu ya rafu, ukuta wa ubavuni, kwa sababu waya wa umeme haufiki kwingine. Anayerusha ndege anakaa kwenye kiti cha kunyolea, kile cha ngozi chenye pa kuegemeza kichwa na pa kuwekea miguu, kwa sababu rubani hakai kwenye stuli. Kiti kinatazama kioo, skrini iko mgongoni. Kwa hiyo vita yako unaitazama ndani ya kioo cha Wembe, kikubwa kama mlango, na walioko kwenye benchi wanaiona humo humo kiooni kutokea nje. Sinema ya bure. Siku niliyoupanga hivyo, watu walinipigia makofi.

Sasa, Jumamosi hiyo kulikuwa na jambo zito. Anayetuuzia kahawa na karanga pale kijiweni ni dada yangu, mkubwa kwangu kwa miaka saba na kwa maneno kwa miaka sabini. Tangu nilipoacha shule darasa la sita hajawahi kuacha kunikumbusha. Wiki ile alikwenda akaniandikisha darasa la jioni bila hata kuniuliza. Nikamgeukia mbele ya kijiwe kizima.

— Dada, tulimalize leo. Ile ndege naitua leo hii. Nikiitua salama kabla chupa yako ya kahawa haijaisha, neno shule nisilisikie tena mdomoni mwako mpaka tuzeeke.

— Na usipoitua?

— Jumatatu nakwenda.

— Kwa miguu yako mwenyewe?

— Kwa miguu yangu, na madaftari mawili. Moja la akiba.

Dada akaitikisa ile chupa ya kahawa karibu na sikio, kama mtu anayesikiliza tumbo la mtoto.

— Vikombe kumi na viwili, akasema. Kikombe cha mwisho kikinyweka, basi. Nyote mmesikia?

Tulisikia. Na kijiwe chetu kina kanuni moja ambayo siku hiyo niliijutia: kikombe chako kikiwa kitupu, dada anakijaza bila kukuuliza. Hakuna kusema hapana.

Wasiwasi sikuwa nao. Wiki tatu nilikuwa nimejifunza kila kitu cha ndege ile. Mzinga, kidole cha shahada. Kombora, kidole gumba. Mafataki ya kulizuga kombora la adui, kile kitufe kirefu cha chini kwenye kibodi. Moto wa injini mkono wa kushoto, unausukuma taratibu kama unayemsindikiza mkweo. Na ile fimbo ya kuendeshea, sisi tunaiita rungu, ukiivuta kwako ndege inapanda, ukiisukuma inashuka. Hilo peke yake lilitula wiki nzima ya kwanza, kwa sababu Cheche, fundi wetu wa kuchomelea vyuma, alishikilia kwamba kitu ukikisukuma mbele lazima kiende juu, akaziangusha ndege kumi na nne akiwa na hakika.

Kijitabu cha maelekezo kilikuwepo, kinene, cha Kizungu kitupu. Siku ya kwanza nilimpa dada afungie karanga.

Kilichokuwa kimebaki ni kitu kimoja kidogo tu. Ukiipeleka ndege kushoto, inakwenda kulia.

Nikapanda kitini. Nikapaa vizuri sana, hilo hata maadui zangu wanakubali. Nikatungua ndege moja ya adui, nikazunguka kurudi uwanjani. Barabara ya kutulia ikatokea kule mbali, kushoto kidogo. Nikalipeleka rungu kushoto. Ndege ikaenda kulia. Nikaongeza kushoto. Ikaongeza kulia. Mlima ulikuwa huko huko kulia.

— Pole, akasema Cheche kutoka kwenye benchi. Moshi wake mzuri lakini.

— Kikombe cha tatu hicho, akasema dada, akimmiminia Kipimo.

Kipimo ni fundi cherehani, mkanda wa kupimia hauondoki shingoni mwake. Huyu anakunywa kahawa kama anayezima moto.

— Kipimo, kunywa polepole, nikamfokea. Uko upande gani wewe?

— Mimi niko upande wa kahawa. Shemeji, usiache nafasi hapo juu.

— Shemeji yako nani? akauliza dada.

— Mipango inaendelea, akasema Kipimo.

— Inaendelea wapi?

— Moyoni mwangu.

— Basi iendelee huko huko, isitoke nje.

Watu wakacheka mpaka benchi likalia. Mimi nilikuwa nimeshaanza upya. Safari hii niliamua kutumia akili: barabara ikiwa kushoto, napeleka kulia. Ikakubali! Nikapiga ukelele. Kisha adui akatokea ubavuni, nikashtuka, na mkono ukishtuka unarudi kwenye tabia yake. Bahari.

— Hii ndege ina kiburi, nikasema.

— Haina kiburi, akasema Cheche. Hiyo ni nyaya. Ndani ya rungu kuna chanya na hasi. Aliyeliunga alikuwa na usingizi, akaweka ya huku kule. Nipe dakika tano nilifungue, nigeuze.

— Ukilifungua rungu langu nitakuchomelea wewe kwenye benchi.

— Nimeshafungua vitu vikubwa kuliko hicho.

— Na vimefungika?

Cheche akaangalia viatu vyake. Jenereta la jirani hatujalisahau.

— Nyinyi hamwoni, akasema Kipimo. Mimi nguo nikiiangalia mara moja najua. Hii imevaliwa nje ndani. Ile sahani ya gemu mmeitia kifudifudi. Itoeni, igeuzeni, mshono ukae ndani, nakshi nje, ndege itatii.

Tukaitoa, tukaigeuza. Kompyuta ikakoroma, ikasema haioni kitu. Tukairudisha kama zamani. Kipimo akasema hata cherehani yake ikisumbua huwa inakoroma hivyo hivyo kabla ya kutengemaa, tuipe muda. Muda! Kikombe cha tano kilikuwa mkononi mwake.

— Shida ni nyinyi, akasema Wembe. Mimi inanitii.

Na hapa lazima niseme jambo linaloniuma. Kweli ilikuwa inamtii. Wembe akikaa kwenye kile kiti, ndege inakwenda kushoto akitaka kushoto na kulia akitaka kulia, anazunguka angani kama anayepunga upepo. Tulishamchunguza. Tulidhani ana kitufe cha siri. Tulimvua hata koti la kazi.

— Unafanyaje? nikamuuliza kwa mara ya mia.

— Sifanyi kitu. Mkono unakwenda wenyewe. Miaka kumi na moja mimi kutwa niko mbele ya kioo hiki na mkasi. Mkono wa kinyozi ni mwepesi, ndugu yangu. Wako umezoea nyundo na matairi ya malori.

— Basi itue wewe.

— Mimi kutua situi. Mimi napaa tu, nikichoka nazima. Kwanza dau ni lako.

Kikombe cha sita. Nikaamua kuwafungua macho.

— Sikilizeni. Hii ndege imetengenezwa Urusi. Ndiyo maana hata maandishi yake ni Kirusi. Tazameni zile namba pale pembeni.

Wote wakainamisha vichwa kutazama kiooni.

— Mbona saba imegeuka? akauliza Kipimo.

— Hiyo ni saba ya Kirusi.

— Warusi wana saba yao?

— Wana saba yao, wana tatu yao, wana mbili yao. Watu wale hawapendi kuazima.

— Na wewe Kirusi umekijulia wapi?

— Kaka, mtu huwezi kuzungumza na ndege wiki tatu usiambulie lugha yake.

Wakaafiki. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyefika huko. Dada peke yake ndiye aliyesonya, lakini dada husonya hata mvua ikinyesha vizuri.

— Basi kama ni ya Urusi, akasema Cheche akisimama kabisa, jambo liko wazi! Kuna nchi magari yanapita kushoto, na kuna nchi yanapita kulia. Ndege nayo ni chombo cha barabara. Hii imezoea upande wake, wewe unailazimisha upande wako. Itakubali vipi?

— Angani kuna upande? akauliza Wembe.

— Upande upo. Ungekuwa haupo zingegongana kila siku.

— Wala si hivyo, akasema Kipimo. Dunia inazunguka, sawa? Ndege ikiachana na ardhi, dunia inaendelea kuzunguka kule chini. Wewe unakwenda kushoto, dunia inakukimbia, unajiona unakwenda kulia. Dawa yake ni kupaa saa ambayo dunia imetulia.

— Saa ngapi hiyo?

— Mchana kwenye jua kali. Huoni hata kuku wanasimama?

Mimi kama bingwa nilikuwa na maelezo bora kuliko yao. Nikawaambia kwamba kule juu, ukishapita mawingu, kushoto na kulia hubadilishana nafasi, ndiyo maana marubani wa kweli wanafundishwa miaka mingi na wanatembea na kofia, ili wakishuka wakumbuke kichwa kiko wapi.  Wembe akasema hilo linaingia akilini.

Tukafanya majaribio, maana sisi si watu wa maneno matupu. Nikaendesha nikiwa nimepishanisha mikono kifuani: jangwa. Nikaendesha nimefumba jicho moja: uwanja wa adui, tena nikatua kwa pua. Cheche akasema tulizungushe rungu lenyewe, mbele iwe nyuma. Ikafanya kazi! Kushoto ikawa kushoto, kulia ikawa kulia. Nikakumbatiana na Cheche. Nikapaa tena, nikavuta rungu kwangu ndege ipande, ikazama chini kama kifuniko cha kisima.

— Imekupa mkono huu ikakunyang'anya mkono ule, akasema Cheche, machozi yakimlenga.

— Kikombe cha kumi na moja, akasema dada.

Kilibaki kikombe kimoja. Nilijiona Jumatatu jioni kwenye dawati, magoti yamegota mbao, mwalimu ananiuliza saba mara nane mbele ya watu wanaoniletea baiskeli zao kuziba. Unajua, si kwamba nilishindwa shule. Niliiacha kabla haijaniacha. Na dada analijua hilo, kwa sababu yeye ndiye aliyeniona nikiificha ripoti ndani ya tairi.

Wembe, Cheche na mimi tulikuwa tumeacha vikombe vyetu nusu, tunavilinda kwa viganja. Kipimo akamaliza chake, akakisogeza mbele.

— Kipimo! tukapiga kelele wote watatu.

— Kanuni ni kanuni, akasema, huku akimtazama dada kwa jicho la mtu mwema.

Dada akainua chupa. Kabla hajamimina, mtu akatokea. Sijawahi kumwona mtaani kwetu. Mwanamume wa makamo, ndevu zimemjaa mpaka kwenye mashavu, suruali yenye vumbi la safari. Akasalimia, akaambiwa akae, akakaa. Na mgeni akikaa kijiweni, kikombe kinachofuata ni chake. Kipimo akaachwa mkono mtupu, kikombe cha kumi na mbili kikaingia kwenye mikono ya mtu ambaye hajui lolote. Chupa ikapinduliwa. Halikutoka hata tone. Na sisi watatu, wajinga wakubwa, kwa hofu tukawa tumeshavimaliza vyetu.

— Mzee wangu, nikamwambia kutoka kitini, nakuomba kwa heshima zote, usinywe.

— Kina nini?

— Hakina kitu. Ni kizuri. Usinywe tu.

— Mimi nimekuja kunyoa ndevu, akasema. Kesho nakwenda kumposea mwanangu. Kijana, unatoka lini hapo kwenye kiti?

— Akitua, akasema Wembe.

— Akitua wapi?

Tukamweleza. Kwa pamoja, kila mtu na maelezo yake: nyaya, mshono, barabara za Urusi, dunia inayokimbia, kofia za marubani. Mgeni alisikiliza huku akipuliza kahawa. Akanitazama mimi, akatazama kioo, akageuza shingo akatazama skrini kule rafuni nyuma yangu, akarudi kwenye kioo. Akanywa funda moja. 

— Kwani, akauliza taratibu, hicho kiti hakizunguki?

Nimekaa kwenye kijiwe kile miaka minne. Sijawahi kusikia swali kama lile.

Cheche alimtazama Kipimo. Kipimo alimtazama Wembe. Wembe alitazama miguu ya kiti chake mwenyewe kama aliyeletewa mtoto asiyemjua.

— Mimi, akasema Wembe kwa sauti ndogo, kinyozi niliyefundishwa nikafundishika, ndiye ninayemzunguka mteja. Mteja hazungushwi. Sijawahi...

— Miaka kumi na moja? akauliza dada.

— Sijawahi, akarudia Wembe.

 Cheche aliingia ndani na nyundo, Wembe akamimina mafuta ya mashine ya kunyolea kwenye shingo ya kiti, akagonga mara tatu, wakasukuma. Kiti kikalia kama mlango wa ghala, kikazunguka, na mimi juu yake. Nikaikuta skrini uso kwa uso.

Saba ilikuwa saba.

— Hee, akasema Kipimo, Warusi wamehama.

— Nyamaza, nikamwambia.

Nikapaa. Kijiwe chote kilikuwa kimebanana mlangoni, mgeni katikati na kikombe chake, funda mbili zimebaki. Nikaenda kushoto, ikaenda kushoto. Kulia, kulia. Wallahi ilikuwa kama kuvua viatu vilivyokuwa vimevaliwa cha kushoto kulia na cha kulia kushoto. Adui akaja, nikampa kombora moja la kumshukuru, nikageuka. Barabara ya kutulia ikatokea mbele yangu, imenyooka, nami nimenyooka. Nikapunguza moto wa injini. Nikashuka. Sijawahi kufika karibu namna ile.

Ndipo maandishi mekundu yakaanza kuwaka na kuzima katikati ya skrini.

— Yanasema nini? akauliza Cheche.

Nilikuwa nayaona vizuri. Yamenyooka, makubwa, herufi moja moja. Kirusi hakikuwepo tena cha kujifichia.

— Yanasema hongera, nikasema.

— Mbona mekundu?

— Hongera ya jeshi.

Ardhi inakuja. Maandishi yanawaka. Nikasikia mgeni anavuta funda. Na nikasikia, nyuma ya wote, dada yangu. Yule ambaye alitakiwa kukaa kimya kwa sekunde nne tu, ashinde.

— Magurudumu! akapiga kelele. Imeandikwa magurudumu hayajashuka! Bonyeza G! Ukurasa wa tisa! G, mdogo wangu, G!

Nikabonyeza. Kitu kikagonga chini ya ndege, du! Ikagusa barabara, ikaruka, ikagusa tena, ikasereresha mkia kidogo, ikasimama. Nzima. Haina hata mkwaruzo.

Hapo ndipo mgeni akanywa funda la mwisho, akakipindua kikombe chake kitupu kuwaonyesha watu.

Kelele zilizofuata sitazieleza. Wembe alinipandisha kiti mpaka juu na kunishusha mara tano. Kisha, kelele zilipopungua, Cheche akashika kiuno.

— Hebu ngoja. Fundi matairi. Amesahau matairi?

Nusu saa nzima walicheka. Kuna waliolala chini. Mimi niliwaambia nilikuwa nawapima.

Nikamfuata dada. Alikuwa anasuuza vikombe kwenye ndoo, hanitazami. Kile kijitabu kilikuwa kwenye kapu lake la karanga, kizima, hakijachanwa hata ukurasa mmoja, kimekunjwa pembe hapa na pale.

— Ulikuwa unakisoma?

— Wateja wakiwa hawapo nifanye nini?

— Kwa nini umeniambia? Ungenyamaza tu.

— Ungeanguka, akasema, kana kwamba mimi ndiye mjinga.

— Kwa hiyo nimeshinda.

— Umeshinda. Sitalitaja tena lile neno.

— Basi nisomee ukurasa wa kumi. Kuna safari ya pili ya vita, kuna meli, sijui zile taa za pembeni ni za nini.

Dada akakausha mikono kwenye khanga. Akakichukua kijitabu, akakifunga, akakirudisha kapuni chini ya karanga.

— Kina kurasa mia na arobaini, akasema. Wewe umefika ya tisa. Namna ya kuzijua zilizobaki naifahamu sana, ila nimekatazwa kuitaja.

Akajitwika kapu, akaondoka.

Jumatatu jioni nilikwenda. Liandikwe vizuri: nilikwenda mshindi, hakuna aliyenituma, na madaftari yangu mawili. Nikachagua dawati la mbele kabisa, kwa sababu bingwa hakai nyuma. Kabla sijakaa, nilikishika kile kiti kwa mikono miwili nikakijaribu.

Hakizunguki.

Mwalimu akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia hakuna kitu, nakagua chombo tu kabla ya kupaa.